Nchi Ambamo Kalamu Haiwekwi Chini

Mume wangu, Nkwabi, alifundisha umeme na sumaku kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi, mpaka ugonjwa ulipomtoa darasani. Mimi niliishia kidato cha nne, na fizikia niliipata kwa kubahatisha, lakini somo lake nililijua kama mke anavyolijua, kwa kumsikia mtu akilalamika mezani. Akiwa anasahihisha mitihani, alikuwa akifika mahali anasimamisha ile kalamu nyekundu, anavua miwani, ananiambia, "Mama Ngolo, hivi hawa watu wanatoka nchi gani?"

Sikuwahi kumjibu. Baada ya arobaini, ndugu walipokwisha kurudi makwao na viti vya kukodi vikarudishwa, nilikwenda kuiona hiyo nchi. Safari yenyewe haina la kusimulia. Nchi inaitwa Usitue, na watu wake ni Wasitue. Naandika niliyoyaona huko kabla hayajanitoka.

Mpakani hawakuniuliza pasipoti. Afisa alitaka kuona mkono.

"Mama, kalamu yako iko wapi?"

"Sina."

"Huna, au umeiweka mahali?"

"Sina tangu nilikotoka."

Akashusha pumzi. "Afadhali. Kutokuwa nayo ni umaskini tu, serikali inakupa. Kuiweka chini ni kosa." Akatoa kalamu ya bluu kwenye boksi, akaiweka kwenye kiganja changu cha kulia, akanifumba vidole kimoja kimoja kama anayemvisha mtoto. "Usiitue mpaka siku unayotoka."

"Nikitaka kula?"

"Una mkono mwingine."

"Nikitaka kulala?"

"Utazoea."

Nilizoea kulala. Kula sikuzoea. Katika Usitue watu wote hula kwa mkono wa kushoto, hupeana mkono wa kushoto, humpa mzazi maji kwa mkono wa kushoto, na hakuna anayeona haya. Siku ya kwanza nilimega ugali kwa kushoto nikainamisha kichwa, nikiwaza mama mkwe angesema nini. Jirani yangu mezani aliniuliza kama chakula hakijaiva.

Nilipangiwa kukaa kwa Mwalimu Sikitu, kwenye nyumba za walimu wa Chuo Kikuu cha Usitue. Walimu wengine walisema hawana nafasi. Baadaye nilielewa kwamba hakuna aliyetaka kuonekana amekaa na mgeni ambaye hata jana alikuwa mikono mitupu. Sikitu alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, sauti imekwaruzwa na chaki, gauni lina vumbi jeupe begani. Alifundisha umeme na sumaku kwa mwaka wa kwanza wa uhandisi. Alipolitaja somo lake niliomba kiti nikakaa.

"Umechoka, dada?"

"Hapana. Marehemu mume wangu alifundisha hilo hilo."

Alinitazama kwa huruma, na niliona wazi kwamba haikuwa huruma ya msiba. "Pole sana," akasema. "Alikuwa akilala usingizi?"

Yeye ndiye aliyenieleza chanzo cha sheria. Zamani, wasimamizi wa mtihani walishindwa kutofautisha mwanafunzi anayefikiri na mwanafunzi anayesinzia. Wote wawili wameinamisha kichwa, wote wametulia. Ikaamuliwa kwamba kufikiri lazima kuonekane, na kitu pekee kilichoonekana ni kalamu. Aliyeishika anafikiri, aliyeiweka amelala. Kanuni ilianza kwenye chumba cha mtihani ikatoka ikaingia darasani, ikatoka darasani ikaingia ofisini, halafu jikoni, halafu kitandani. Wazee wa siku hizi hawakumbuki kama ilikuwa kanuni ya mtihani. Wanadhani ndivyo mkono ulivyoumbwa.

"Na madhara yake?" nikauliza.

"Kesho nitakutembeza," alisema. "Usicheke tu. Wanaandika majina."

Kesho yake tulianza na lifti ya jengo la utawala. Mlangoni alisimama kijana nadhifu mwenye beji ya Mtafsiri wa Mashine. Kazi hiyo ni ya serikali, ina pensheni, na kila mashine ya Usitue inaye mtafsiri wake. Sikitu alimwambia tunakwenda juu.

"Basi bonyezeni chini, waheshimiwa."

"Kwa nini msibadilishe vibonyezo?" nikauliza.

"Vibonyezo viko sahihi, mama," alijibu bila kuudhika. "Vilichorwa na mhandisi mwenye cheti. Lifti ndiyo inayokosea, ila tumeizoea."

Ofisini tulikuta feni kubwa na makarani wamejibanza nyuma yake, kati ya feni na ukuta, kwa sababu upepo ulitokea huko. Mbele ya feni palikuwa na nafasi pana, viti vizuri, na hakuna mtu.

Lakini pampu ndiyo iliyonikera, na mpaka leo nikiikumbuka nasimama nafanya kazi nyingine ili nitulie. Mji mkuu wa Usitue una chemchemi bondeni na tangi kubwa kilimani. Kati yao kuna pampu ya parafujo, bomba refu lenye msokoto wa chuma ndani yake unaozungushwa na mota. Ilijengwa ipandishe maji. Inazunguka kinyume, kwa hiyo inayateremsha. Nilipofika pale niliona akina mama na wanaume wa mji mzima wakipanda kilima na ndoo vichwani, mkono wa kushoto umeshika ndoo na wa kulia umeshika kalamu, wanamwaga maji kwenye tangi, na pampu inayarudisha bondeni kwa kelele nyingi.

"Mnajaza tangi la nini?" nilimwuliza mtafsiri wa pale, mzee mnene aliyekaa kivulini.

"Pampu haiwezi kuzunguka tupu, mama. Itaungua."

"Si muizime?"

"Tuizime?" Akawageukia waliokuwa wakipita na ndoo. "Mnamsikia mgeni? Tuizime, tubaki bila maji ya bomba!"

Walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Mwanamke mmoja akaniambia, "Shoga, huko kwenu kuna pampu kweli?"

Sikitu alinishika kiwiko akanivuta kando. "Nyaya mbili," alisema kwa sauti ya chini. "Ukibadilishana nyaya mbili tu pale kwenye mota, inageuka. Kazi ya muda wa kunywa chai tu. Lakini mchoro uliopasishwa na Chuo unasema nyaya ziko sahihi. Atakayezigusa amesema Chuo kimekosea."

"Na Chuo kilikosea wapi?"

Aliinua mkono wake wa kushoto, ule usio na kalamu, akakunja vidole na kusimamisha kidole gumba. Nilijua kabla hajasema. Nkwabi alinionyesha jambo hilo jikoni kwa mpini wa mwiko. Ukishika waya kwa mkono wa kulia, kidole gumba kikaelekea unakokwenda mkondo wa umeme, vidole vinavyojikunja vinakuonyesha sumaku inavyouzunguka ule waya. Na msumari ukizungushiwa waya, unafuatisha vidole na mkondo, halafu kidole gumba kinakuonyesha ncha ya kaskazini ya hiyo sumaku. Ni mkono wa kulia. Ukitumia wa kushoto utapata jibu lililonyooka, safi, lenye uhakika, na la kinyume.

Katika Usitue mkono wa kulia una kalamu. Basi kila mhandisi wa nchi ile, tangu chuo kianze, amesoma kanuni ya mkono wa kulia, ameikariri, ameiandika kwa mwandiko mzuri, kisha ameinua mkono wa kushoto.

Nilisimama pale kilimani nikasikia hasira isiyokuwa yangu. Ilikuwa hasira ya Nkwabi. Alikuwa akigonga meza, "Wameshika kalamu! Mama Ngolo, njoo uone, jibu lote liko vizuri, ila huyu bwana alikuwa ameshika kalamu!" Nami nilikuwa nikimwambia apunguze sauti, mtoto amelala.

Nchi haikukosa watu waliojua kwamba mambo hayaendi. Nilihudhuria mjadala mmoja wa wataalamu, ukumbi umejaa. Kundi la kwanza lilisema tatizo ni shaba ya kutoka nje, ambayo haijazoea hali ya hewa ya nchi. Kundi la pili lilisema dunia yenyewe inazunguka vibaya chini ya Usitue, wakaomba fedha za utafiti. Kundi la tatu, ambalo ndilo lililopigiwa makofi, lilipendekeza juu iitwe chini. Mtu mmoja nyuma aliuliza kama kuna aliyejaribu kutazama dira. Ilibidi akumbushwe kwamba dira zote za nchi zilikwisha kupakwa rangi upya, ile ncha nyekundu ikawa nyeusi, zilipoonekana zinapingana na kitabu. Tangu wakati huo wasafiri wengi wa Usitue hawajarudi, na kundi la pili linahesabu jambo hilo kuwa ushahidi wao.

Darasani kwa Sikitu nilikaa mara nyingi, nyuma, karibu na dirisha. Wanafunzi wake hawakuwa wajinga, na hilo ndilo lililochosha. Aliandika ubaoni swali la koili, ule waya wa kuzungushia msumari, na betri, na kabla hajamaliza kuchora betri walikuwa wameshajaza nusu ukurasa wa fomula, zote sahihi, hakuna hata moja iliyohusika.

"Mmesoma swali?" akauliza.

"Bado, Mwalimu. Tunatanguliza fomula ili muda usipotee."

"Muda wa kufanya nini?"

Mkono mmoja wa kushoto ukanyanyuka. "Mwalimu, samahani, hili litatoka kwenye mtihani?"

Sikitu aliegemea ubao. "Kaburu, nikikwambia halitatoka utafanya nini?"

"Nitapumzika kidogo, Mwalimu."

"Na nikikwambia litatoka?"

"Nitalikariri."

"Na kulielewa, utalielewa lini?"

Darasa lilicheka, naye Kaburu akacheka pia, akaandika jambo kwenye daftari lake. Nilichungulia. Alikuwa ameandika, "Kulielewa: hakutatoka."

Siku hiyo Sikitu alikwenda akafunga mlango, akafunga na madirisha. Akarudi mbele, na mbele ya macho yangu akaweka chaki yake mezani. Kwa Wasitue ilikuwa kama amevua nguo. Baadhi waliziba macho.

"Wekeni kalamu chini," alisema. "Kidogo tu. Hakuna anayetuona. Mkono wa kulia ukiwa mtupu, ndipo unapoweza kuuliza."

Aliyetangulia alikuwa msichana wa mstari wa mbele, Sijaona, binti wa mwanamke mmoja wa wale wabeba ndoo. Kalamu yake ilikuwa imeacha alama kwenye ngozi ya vidole. Aliitua taratibu kama anayetua yai. Akaufungua mkono akautazama, akaukunja kuzunguka koili aliyopewa, na kidole gumba kikasimama. Akatazama mchoro wa pampu ya mji kwenye kitabu chake, halafu gumba, halafu mchoro tena.

"Mwalimu," alisema, "mama yangu anabeba maji bure."

Hakuna aliyecheka. Mmoja baada ya mwingine wakatua. Hata Kaburu, ingawa aliifunika yake kwa leso.

Nani aliyekwenda kusema, sikujua na Sikitu hakutaka kujua. Wiki hiyo hiyo aliitwa mbele ya Baraza la Mkono.

Baraza liliongozwa na Profesa Mapokeo, mzee mpole mwenye kanzu iliyopigwa pasi, ambaye vidole vyake vya kulia vilikuwa vimekauka vikiwa vimeishika kalamu, asingeweza kuvifungua hata angetaka. Sikumchukia. Aliniagizia kiti na maji. Halafu akaniita shahidi, kwa kuwa nilikuwa darasani.

"Pole kwa msiba, mama. Nasikia marehemu alikuwa mwenzetu."

"Alifundisha umeme na sumaku, Profesa."

"Huko kwenu mna sheria ya kalamu?"

"Hatuna."

"Kwa hiyo wanafunzi wenu, mikono ikiwa huru, wote wanatumia wa kulia."

Nilimtazama Sikitu. Alikuwa ananitegemea, na nilikuwa nimeapa kusema kweli. "Hapana," nikasema. "Wengi wanatumia wa kushoto."

Ukumbi ukavuma. Profesa akainama mbele. "Bila sheria? Kwa nini?"

"Mume wangu alifundisha mpaka alipoanguka, hakupata jibu. Aliwaambia siku ya kwanza. Aliwaambia katikati. Aliwaambia wiki ya mwisho, akawainulisha mikono kama watoto wa chekechea. Mtihani ukifika wanashika kalamu kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ndio ulio mtupu, basi wanauinua huo."

"Mmesikia?" Profesa aliligeukia Baraza, uso umejaa nuru. "Hata kusiko na sheria, watu wanaifuata. Sheria yetu ni ya maumbile!"

Walishangilia kwa kugonga meza na kalamu zao. Nilirudi kukaa nikiwa nimemchimbia shimo mwanamke aliyenilaza nyumbani kwake, na sikuwa nimesema hata neno moja la uongo. Sikitu aliniegemea akanong'ona, "Usijali. Ningeulizwa mimi ningesema hivyo hivyo. Inaudhi, eeh?"

"Inaudhi sana."

"Alikuwa akifanyaje, mumeo?"

"Aligonga meza."

"Na mimi nagonga meza," alisema.

Profesa Mapokeo alitangaza namna ya kumaliza kesi, na kwa haki yake, aliitangaza kwa sauti ya kusikika. Wanafunzi wa Sikitu wangeingia hapo hapo na kujibu swali moja la koili: ncha ya kaskazini ni A au B? Wakijibu kama kitabu cha Chuo kisemavyo, ni B, basi Mwalimu hakuwaharibu, atarudi darasani, nao wamefaulu mwaka. Wakijibu A, ni ushahidi kwamba amewafundisha kutua kalamu. Ataondoka nchini siku inayofuata, nao watarudia mwaka. Mwalimu haruhusiwi kusema neno. Mwisho, karatasi zisahihishwe na Mwalimu mwenyewe, kama desturi ya Usitue inavyotaka. Kusahihisha mitihani ya mwaka wa kwanza ni kazi ambayo hakuna mtu mwingine yeyote katika nchi ile aliyewahi kuiomba.

Waliingia kwa mstari. Mezani paliwekwa msumari uliozungushiwa waya, na betri pembeni. Sijaona alikuwa wa kwanza. Alisimama mbele ya koili, na nikaona vidole vyake vya kulia vikianza kulegea, kalamu ikicheza ndani yake. Kisha akamtazama Sikitu. Akamtazama muda mrefu. Vidole vikakaza tena. Akainua mkono wa kushoto, akaukunja hewani ili wote waone, akaandika B.

Nyuma yake Kaburu, B. Na nyuma yake, B. Hakuna aliyetofautiana. Waliokuwa na macho makavu walikuwa wachache.

"Safi sana," alisema Profesa, naye pia amefarijika, maana hakupenda ugomvi. "Mwalimu, weka vema tufunge shughuli. Chai inapoa."

Walimletea karatasi na kalamu nyekundu. Sikitu alizipitia zote bila kuandika kitu. Halafu mbele ya Baraza zima, mbele ya umati, aliiweka ile kalamu mezani. Haikuwa nzito, lakini kila mtu aliisikia. Akanyanyua mkono wa kulia mtupu, akaukunja kuzunguka koili, akatazama kidole chake gumba. Akaichukua tena kalamu. Akaweka alama ya kosa kwenye karatasi ya kwanza, kosa kwenye ya pili, akaendelea mpaka mwisho, na chini ya kila alama akaandika maneno mawili. Nilikuwa karibu, niliyasoma. "Mkono upi?"

Nkwabi aliandika hivyo hivyo. Nina karatasi za zamani nyumbani, wino umepauka.

"Mwalimu!" Profesa alisimama. "Unaelewa unachofanya? Hawa watoto walikuwa wanakuokoa!"

"Nimeona."

"Wamekupenda kuliko mwaka wao wa masomo!"

"Sikuajiriwa nipendwe, Profesa. Niliajiriwa nifundishe sumaku."

Sijaona alikuwa analia waziwazi. "Mwalimu, tulijua! Wallahi tulijua ni A! Hata Kaburu alijua!"

"Hata mimi nilijua," alisema Kaburu.

"Ndiyo maana nimekasirika," alisema Sikitu, na sauti yake ya chaki ikakatika katikati. "Asiyejua ningemwelekeza mpaka kesho. Anayejua akaandika B, nimfanye nini? Mtatoka hapa na vyeti. Mtapewa mota za hospitali. Mtasema tulijua, lakini tulimpenda mkuu wa idara. Tulijua, lakini mchoro ulishapasishwa. Mama zenu watabeba ndoo." Akazipanga karatasi vizuri, kingo kwa kingo, akamkabidhi Profesa kwa mkono wa kulia. "Sifuri wote. Warudie mwaka. Nami naondoka."

Hakuna aliyegonga meza. Mtafsiri mmoja mlangoni aliulizwa na watu wa nje kimetokea nini ndani, naye, kwa mara ya kwanza katika kazi yake, akasema hajui.

Asubuhi tulishika njia ya mpakani pamoja, yeye na begi moja, mimi na langu. Njia inapita kilimani. Kabla hatujafika tulisikia kwamba kelele ya pampu imebadilika, imekuwa nzito, kama mtu aliyeacha kupiga domo akaanza kufanya kazi. Foleni ilikuwa ndefu, lakini haikuwa ya kupanda. Watu walisimama na ndoo kwenye bomba la chini ya tangi, na bomba lilikuwa linatoa maji.

Yule mtafsiri mnene alikuwa anapachika kibao: MBOVU. HAIRUHUSIWI KUTUMIKA.

"Imefanyaje?" nilimwuliza.

"Imeharibika, mama, tangu alfajiri." Alipangusa jasho. "Inapandisha."

"Mafundi wameitwa?"

"Wameitwa. Wanasema watakuja wakishateka maji."

Foleni ilipita kando ya kibao bila kukisoma. Wengi bado walijikaza na ndoo kwa mkono mmoja. Lakini yule mwanamke aliyeniita shoga alifika bombani, ndoo ikajaa kuliko alivyotegemea, ikamshinda kuinua kwa kushoto. Alitazama huku na huku, akaibana kalamu kwenye meno, akainua ndoo kwa mikono miwili. Wa nyuma yake aliitupa kwenye majani.

Chini ya mota alikaa Sijaona, amechafuka grisi mpaka viwiko, bisibisi mapajani. Kalamu yake ilikuwa kwenye tope karibu na mguu wake na hakuwa na habari nayo. Alipotuona alisimama haraka kama aliyekutwa anaiba.

Sikitu hakumsalimu. Alitazama nyaya mbili zilizobadilishana mahali, akatazama maji.

"Mkono upi?" aliuliza.

Sijaona akanyanyua wa kulia, mweusi wa grisi, kidole gumba kimesimama.

"Haya," alisema Sikitu, tukaendelea na safari. Hakugeuka nyuma. Mbele kidogo alisimama akajifanya kamba ya kiatu imelegea, na nilimwacha akae nayo kwa muda alioutaka.

Mpakani yule afisa aliniambia kalamu naweza kwenda nayo, ni zawadi ya serikali. Sikitu alichukua njia yake. Alisema kuna nchi nyingine inayohitaji mwalimu wa mwaka wa kwanza, na sikumwuliza ni ipi, maana kwa namna alivyovuta pumzi nilijua haina nafuu.

Jambo moja nimelibakiza. Siku zake za mwisho Nkwabi hakuweza kusema. Alikuwa akiutoa mkono wa kulia chini ya shuka, anakunja vidole, anasimamisha kidole gumba. Niliushika, kwa kuwa nilidhani anataka nimshike. Alinitazama kwa macho yale yale ya mezani, ya mtu aliyevua miwani. Nilipotoka Usitue ndipo nilipofikiri kwamba huenda alikuwa ananiuliza swali. Au huenda alitaka nimshike tu. Alikuwa mwalimu na alikuwa mume wangu, na mkono ulikuwa mmoja.

Haya yote nimeyaandika kwa kalamu ile ya bluu. Sasa naiweka mezani.